Neno Moja la Bi Sikudhani

Paukwa.

— Pakawa.

Palikuwa na nyumba.

— Ilikuwa na mlango?

Ilikuwa na miwili.

— Sisi tupitie upi?

Ngojeni kwanza. Nikiwaambia sasa hivi mtanyanyuka mwende zenu, na mimi nimeshakaa vizuri.

Hapo zamani, zamani zile jua lilipokuwa likichomoza upande wowote lilioamkia, palikuwa na nchi iitwayo Sarumbe. Katika nchi hiyo miungu walikuwa bado hawajahamia mbinguni. Walitembea njiani kama mimi na wewe, walisalimiwa, waliulizwa habari za huko watokako, na wakichoka walikaa pembeni wakatoa mawe kwenye viatu.

Juu ya kilima cha Ukemi ilikuwapo monasteri. Kongwe, kongwe kweli, mawe yake yameota ndevu. Ndani yake waliishi watawa. Watawa hao walimwabudu nani? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyesema. Kawaida ya nyumba ile ilikuwa hivi: siku mtu anapoingia utawani, anayaacha maneno yake yote nje, anabaki na moja. Neno moja la maisha yake yote. Alitumie siku aitakayo, kwa jambo alitakalo. Akishalitumia, basi, hana jingine mpaka kaburini.

Msigune. Wengine hapa mngelimaliza la kwenu kabla hamjavua viatu.

Na si wote waliolitumia kwa busara. Mtawa Kitwana alipandwa na nge mguuni wakati wa ibada, akalitumia palepale, na neno lenyewe sitalisema, hapa kuna watoto. Mtawa Mashavu alivumilia mboga za nyumba ile miaka ishirini na tisa, siku moja mchana akaweka tonge chini, akasema, "Chumvi." Lakini wengi walikufa nalo mdomoni, hawakuona jambo la kulistahili.

Bi Sikudhani alikuwa mpishi. Baada ya ile siku ya chumvi, ndiyo, ndiye aliyepewa jiko. Aliingia pale akiwa msichana wa miaka kumi na saba, na sasa kichwa kizima ni cheupe. Watawa wenzake walikuwa wamekwisha, mmoja baada ya mmoja, na yeye ndiye aliyewafunga sanda wote. Amebaki peke yake na nyumba nzima. Neno lake bado alikuwa nalo. Asubuhi nyingine, akichambua kunde, alilifikiria. Labda nitasema "asante". Labda nitasema "mama". Halafu chungu kinachemka, anakwenda kukoroga, siku inapita.

Sasa mvua ikagoma Sarumbe.

Mungu wa mvua, Ngurumo, alikuwa mzee wa kutembea. Alitoa habari kwamba miguu yake imechoka, anataka nyumba. Akasema atakuja siku tatu mfululizo, saa ya adhuhuri, abishe hodi mara moja kila siku, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Akikaribishwa na mwenyeji, ataingia na mvua yake. Siku tatu zikipita hajakaribishwa, ataendelea na safari, na Sarumbe haitamwona tena kwa miaka saba.

Mfalme wa Sarumbe akaangalia huku, akaangalia kule, akasema Ngurumo apewe monasteri ya Ukemi, igeuzwe hekalu. Haikuwa yake, lakini wafalme huwa hawakosi cha kutoa. Akamtuma Kuhani Mkuu Mwinyikondo, na mafundi arobaini, na ngoma saba.

Mwinyikondo alikuwa na majina mengi kuliko nywele. Kuhani Mkuu, Mfungua Mawingu, Sikio la Mfalme, sikumbuki mengine, na yeye mwenyewe alikuwa akiyaandika kwenye mkanda. Akafika, akaagiza. Kuta zikapigwa chokaa. Chumba cha kulia kikawa cha ngoma. Na mlango mkubwa wa mbele, ule wa mti mweusi, akaupenda kupita kiasi. Akaunakshi, akautia shaba, akauvika mashada ya maua. Mungu ataingilia hapa, akasema.

Hebu nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo alipokosea. Katika nyumba ile mlango wa mbele haukuwa wa kuingilia. Watawa waliingia na kutoka kwa mlango wa jikoni, siku zote, mvua na jua. Mlango mkubwa ulifunguliwa siku moja tu katika maisha ya mtu, siku anapotolewa kwenda kuzikwa. Ulikuwa mlango wa maiti. Angemuuliza nani amweleze, na wanaojua hawasemi?

Bi Sikudhani alijaribu. Neno hakutaka kulitumia kwa mlango, akajaribu kwa mwili. Akaenda pale kizingitini, akalala chali, akafumba macho, akakunja mikono kifuani.

Mwinyikondo akawaita mafundi waje waone. Akawaambia kazi yao ni nzuri mno, hata bibi wa jikoni imemzidi nguvu, amezimia.

Akamfuata mpaka jikoni. Hakuingia, moshi ungemharibia joho. Alisimama nje akamweleza kwamba hekalu halina haja ya jiko, mungu hali kunde. Siku Ngurumo atakapoingia, yeye Bi Sikudhani atoke. Akasaidia na kufungasha, fundi akimtolea vitu nje. Kanga mbili, sahani ya bati, mto. Furushi akaliweka palepale nje, karibu na mlango wa jikoni, ili lisije likasahaulika.

Bi Sikudhani aliumia. Nasema wazi, aliumia sana. Hakuwa na ndugu aliyebaki wala kijiji kinachomkumbuka. Alijua jiwe lipi la ngazi linacheza na dirisha lipi linapitisha baridi. Mahali ambapo furushi lile lingekwenda, hapakuwapo duniani. Aligeuka akaendelea na mboga, na siku hiyo aliikata vibaya.

Siku ya kwanza ikafika. Adhuhuri, mbingu nyeupe, hakuna wingu. Mara sauti ikabingirika kutoka bondeni mpaka kileleni, vyombo vikatetemeka rafuni.

"Hodi."

Ngoma saba zikapigwa. Mlango mkubwa ukafunguliwa. Mwinyikondo akasimama katikati na joho lake, akaanza kukaribisha. Akamkaribisha kwa jina la mfalme, akamkaribisha kwa jina la baba wa mfalme, akamkaribisha kwa majina yake mwenyewe yote. Ngurumo alikuwa nje pale, mzee mkubwa mwenye ndevu zinazotiririka maji, anasubiri amalize. Akanusa kizingiti, uso ukakunjamana, maana palinuka ubani wa maziko.

Akamuuliza Mwinyikondo kama yeye ndiye mwenyeji. Mwinyikondo akajibu kwamba yeye ni Kuhani Mkuu. Ngurumo akasema hakuuliza cheo, akageuka akaenda zake. Matone matatu ya mvua yakadondoka njiani, yakanyonywa na vumbi.

Siku ya pili Mwinyikondo akaja na ujanja. Alifungua sanduku la nguo za watawa, akatoa joho la kijivu, akalivaa. Akakunja mgongo kidogo. Akasema leo nitatumia neno moja tu, kama wao.

Adhuhuri, mbingu nyeupe, sauti ikabingirika.

"Hodi."

"Karibu," akasema Mwinyikondo, akanyamaza. Na kwa kweli alilisema vizuri.

Ngurumo akamtazama kwa muda. Joho ni lenyewe. Neno ni moja. Akasema sawa, lakini ametoka mbali, angeomba kwanza maji ya kunywa.

Mwinyikondo akainama, akaingia ndani kutafuta maji. Akafungua kabati la kwanza, ngoma. La pili, mishumaa. La tatu, mafagio yakamwangukia. Siku arobaini amekaa katika nyumba ile, na hakujua mtungi uko wapi. Kila alipokuwa na kiu aliletewa. Alipotoka mikono mitupu, Ngurumo alikuwa amekwisha teremka kilima. Matone matatu yakadondoka, vumbi likanyonya.

Bi Sikudhani aliyaona yote kutoka dirisha la jikoni. Mtungi ulikuwa pembeni yake, umefunikwa kwa kawa, umejaa.

Sasa siku ya tatu. Asubuhi na mapema Mwinyikondo akaenda jikoni, na safari hii aliingia, moshi uwepo usiwepo. Alikuwa amejua kwamba mwenyeji amebaki mmoja katika nyumba ile. Akamwahidi joho la hariri. Bi Sikudhani akakoroga. Akamtishia kwa jina la mfalme. Bi Sikudhani akaongeza kuni. Mwisho yule mtu mwenye majina mengi akakaa kwenye kigoda, uso umemshuka.

"Bibi, kwa dada yangu kule bondeni watoto wanalamba umande kwenye mawe," akasema. "Simama mlangoni. Mwambie karibu. Nakuomba."

Na hapo alikuwa hasemi uongo. Bi Sikudhani alimwona na akamhurumia. Akaonyesha furushi lililo mlangoni, akaonyesha kifua chake, akaonyesha sakafu. Na mimi? Nibaki?

Mwinyikondo akatazama chini. Akasema amri ya mfalme ni amri, neno likishasemwa atatoka. Akanyanyuka akaenda kujiweka sawa.

Basi mpishi wetu akabaki na chungu chake. Akafikiri. Nikinyamaza, nchi inakauka. Nikisema, mvua inakuja, na mimi natupwa nje sina hata neno la kuombea njia. Akafikiri tena. Na nawaambia, hakukaa sana, maana watoto wanaolamba mawe si jambo la kupigia hesabu. Mvua ije, akasema moyoni. Mimi nitajua huko mbele.

Lakini ije vipi? Akakumbuka kwa mama yake, kabla ya utawa, kabla ya kimya. Mama yake alikuwa na maneno machache tangu kuzaliwa. Mgeni akitokea, mama hakupiga kelele. Alifagia. Alitandika. Alichota maji. Na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza kama amekaribishwa.

Bi Sikudhani akapiga moyo konde, akafungua mlango wa jikoni pande zote mbili. Akafagia. Akatandika mkeka mpya. Akachota maji ya kunywa kwa kata, na maji ya kunawa miguu kwa beseni. Kisha akasonga ugali, akatia tui la mwisho kwenye kunde.

Huko mbele, mji mzima wa bondeni ulikuwa umepanda kilima. Wote wanatazama mlango wa shaba. Mwinyikondo amesimama kando, nafasi ya katikati ameiacha wazi, anamngoja bibi atokee. Hatokei. Adhuhuri imefika. Mbingu nyeupe.

"Hodi."

Kimya. Mwinyikondo akachungulia ndani, bibi hayupo. Mwanamke mmoja katika umati akaanza kulia taratibu. Ngurumo akasimama kizingitini, akahesabu pumzi zake, akageuza mguu mmoja kuelekea njiani.

Ko, ko.

Sauti ndogo, kutoka nyuma ya nyumba. Mwiko kwenye ukingo wa chungu, mara mbili. Ndivyo alivyokuwa akiwaita watawa kula, miaka yote ile. Na nyuma ya sauti ikaja harufu. Mnaijua harufu ya kunde za nazi saa ya njaa, sina haja ya kuieleza.

Ngurumo akainua pua. Akarudisha ule mguu. Akazunguka nyumba, akapita bustani ya mchicha, akafika mlango wa jikoni. Aliona mkeka. Aliona maji. Aliona bibi mwenye nywele nyeupe ameshika kigoda kwa mikono miwili, anamsogezea. Akainama, maana mlango ulikuwa mfupi, akaingia.

Akanawa miguu, beseni likawa tope. Akanywa kata nzima. Akakaa. Alipotia tonge la kwanza mdomoni, paa likaanza kusema, ta, ta, ta, kisha likasema lote kwa pamoja. Mvua. Kule nje watu walipiga vigelegele, wakakinga mikono, wakakinga kofia, wakakinga vinywa. Bi Sikudhani alisimama na mwiko wake, machozi yanamtoka, furaha tupu.

Basi, mngetaka hadithi iishie hapa. Na mimi ningetaka. Lakini Mwinyikondo huyo, anakuja mbio.

Amelowa chapachapa, joho limemganda, mkanda wa majina umechuja wino. Umati uko nyuma yake. Akalibeba lile furushi kutoka nje ya mlango, akalishika mbele yake, na alipotaka kuvuka kizingiti akamwona Ngurumo mle ndani, shavu limejaa ugali. Akasimama palepale kwenye mvua.

Ngurumo akamuuliza anataka nini.

"Namtoa huyu mama," akasema Mwinyikondo. "Umeshaingia, hili sasa ni hekalu lako."

Ngurumo akatafuna, akameza.

"Mimi ni mgeni hapa," akasema. "Simtoi mtu, wala simwingizi. Hilo muulize mwenye nyumba."

Akamgeukia Bi Sikudhani, kwa adabu, kama mtu anayekula chakula cha mwenzake.

"Bibi, kuna mtu mlangoni kwako. Aingie, au aende zake?"

Mvua tu. Mji mzima unajua kwamba bibi yule ana neno moja. Hata Mwinyikondo anajua. Akafumba macho, akalisubiri.

Na nyinyi mngesemaje? Semeni tu. Nawasikia. Huyo wa kwanza kasema "toka". Huyo wa pili kasema "toka". Wewe wa pembeni umesema la Mtawa Kitwana, nimekusikia, na mama yako pia amekusikia.

Bi Sikudhani naye lilimjia. Lilifika mpaka kwenye meno. Akamtazama yule mtu. Nikimwambia atoke, akafikiri, atatoka. Atakwenda kwa mfalme, na kesho atarudi na askari, na mimi nitakuwa sina neno. Kisha akaona maji yanavyomshuka puani, na vidole vyake vinavyoteleza kwenye fundo la furushi, na akakumbuka watoto wa dada yake. Mtu amelowa. Chakula kipo.

Akafungua mdomo. Sauti ilitoka na kutu ya miaka arobaini na mmoja.

"Karibu."

Lile lile. Neno ambalo Mwinyikondo alilikimbilia siku tatu, kwa ngoma, kwa joho la kuazima, kwa hariri na kwa vitisho. Sasa amepewa bure, na amepewa yeye.

Mwinyikondo alifumbua macho. Hakujua la kufanya, akafanya afanyavyo kila mtu aliyelelewa: akavua viatu, akanawa miguu, akakaa mkekani. Akapewa sahani. Alipomeza tonge la kwanza ndipo jambo lenyewe lilipomshukia, na likamshukia mbele ya mji mzima uliojazana mlangoni. Yeye ni mgeni. Mungu ni mgeni. Wamekula chakula cha mtu, wamekaa kwenye mkeka wa mtu. Nani sasa anyanyuke amwambie mwenyeji atoke?

Akabaki na furushi mapajani, hajui aliweke wapi.

Bi Sikudhani akamfuata. Akainama, akalipokea mkononi mwake, kama unavyompokea mzigo mgeni yeyote aliyetoka safarini. Akalitundika kwenye msumari, ukutani mwa jiko lake. Kisha akamwongezea kunde.

Tangu siku ile monasteri ya Ukemi ni hekalu la Ngurumo, na jiko lake ni la Bi Sikudhani. Mfalme alipouliza, Mwinyikondo alimjibu kwamba amri imetekelezwa, mungu ameingia, mvua imenyesha. Mengine hakuyataja, na mkanda ule hakuuandika upya. Kila asubuhi alizunguka nyuma ya nyumba, akavua viatu, akasema hodi. Bi Sikudhani hakuwa na neno tena la kumjibu. Aligonga mwiko kwenye chungu mara mbili, ko, ko, na Kuhani Mkuu akaingia. Ndiyo maana mpaka leo ngoma za hekalu lile hazianzi mpaka mtu agonge chungu kwanza.

Hadithi yangu imefika kizingitini, nami naitua.

— Tuingie?

Ingieni.

— Mlango upi?

Hivyo mlikuwa mmelala? Wa jikoni. Na mnawe miguu.